JavaScript inahitaji -ka- yake

Leo nataka tuzungumze kuhusu alama mbili tu za kibodi, mstari uliosimama na mshale, yaani |>. Ni kitu kidogo sana, kazi ya vidole viwili. Lakini watu wazima wenye akili zao wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na mimi pia nina upande wangu. Nitaueleza upande huo na nitautetea kwa Kiswahili, maana naona lugha yetu ilitatua tatizo hili kabla kompyuta hazijazaliwa.

Kama hujawahi kuandika programu usikimbie. Kuna samaki hapo mbele.

Tatizo lenyewe

Programu nyingi tunazoandika hazina makubwa. Unachukua kitu, unakifanyia hili, unachopata unakifanyia lile, mpaka mwisho. Mfano wa kila siku hapa Kenya ni namba za simu. Mteja mmoja ataanza na 07, mwingine ataanza na +254, wa tatu ataweka nafasi katikati, wa nne ataweka vistari. Chukua namba inayoanza na 0. Kabla ya kuihifadhi inabidi uondoe nafasi, uondoe vistari, ubadilishe sifuri ya mwanzo iwe 254, ndipo uiweke kwenye orodha ya wateja. Hatua nne.

Kila hatua huwa tunaipa fanksheni yake. Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina, kinachopokea kitu na kurudisha kitu. Ukiziunganisha fanksheni hizo kwa njia ya kawaida unapata hivi:

hifadhi(badiliMwanzo(ondoa(ondoa(namba, " "), "-"), "0", "254"), "wateja")

Hebu usome tena polepole. Kazi inayofanywa kwanza, ile ya kuondoa nafasi, imefichwa katikati kabisa. Kazi ya mwisho, kuhifadhi, ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Jicho linaingia ndani mpaka kwenye mabano ya katikati, kisha linaanza kurudi kinyumenyume. Halafu niambie bila kuhesabu mabano: ile "wateja" mwishoni ni ya fanksheni ipi? Jina liko upande mmoja wa mstari, mzigo wake uko upande mwingine.

Sasa fikiria mstari huo una hatua tisa na aliyeuandika aliacha kazi miaka miwili iliyopita. Sehemu kubwa ya kazi ya mtengenezaji programu ni kusoma alichoandika mtu mwingine, na mabano ya namna hii yanakula muda wa watu.

Samaki

Haya, tuingie jikoni. Sentensi hii kila mtu anaielewa:

Alinunua samaki, akamwosha, akamkaanga, akamla.

Mambo yamepangwa kwa utaratibu yalivyotokea. Sasa tuiandike kwa mtindo wa mabano, na cha mwisho kianze:

Alimla samaki aliyemkaanga aliyemwosha aliyemnunua.

Ukijikaza utaelewa, lakini hakuna mtu anayesimulia hivyo. Kiswahili kina kifaa maalumu cha kusimulia mambo yanayofuatana, nacho ni -ka-. Unafungua na -li-, kisha kila tendo linalofuata linabeba -ka-, na msikilizaji anajua kwamba hili limetokea baada ya lile. Mtoto wa darasa la kwanza anaitumia bila kufundishwa.

Alama |> ndiyo -ka- ya lugha za programu. Inasema: chukua ulichokipata kushoto, kipeleke kwenye hatua ya kulia. Hakuna zaidi ya hapo.

Ilikotoka

Wazo si geni. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, aliandika kwamba programu zingefaa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani, unaongeza kipande kingine pale unapokihitaji. Alilisukuma wazo hilo kwa miaka. Mwaka 1973 Ken Thompson akalitia ndani ya Unix, na mpaka leo ukifungua dirisha la amri kwenye Linux utalikuta: mstari uliosimama, tunaouita bomba.

Wengi hawajui kwamba bomba halikuanza na alama ile. Mwanzoni walitumia >, alama ambayo tayari ilikuwa na kazi ya kupeleka matokeo kwenye faili. Kwa hiyo ukiona > hukuweza kujua mara moja kama kinachofuata ni programu au ni faili. Muda si muda wakabadilisha, wakaipa kazi hiyo alama yake yenyewe. Waliweza kubadilisha kwa sababu watumiaji wa Unix wakati ule walikuwa wachache. Shikilia jambo hilo, nitalirudia.

Alama ya |> ilionekana mwaka 1994 katika Isabelle, programu ya kuthibitisha hesabu, kisha F# ya Microsoft ikaifanya ijulikane. Elixir ikaichukua. Watu wa takwimu wanaotumia R walipata %>% mwaka 2014 kupitia kifurushi kiitwacho magrittr, wakaipenda hadi lugha yenyewe ikaweka |> katika toleo la 4.1.0 la mwaka 2021. PHP nayo ikaipata katika toleo la 8.5, Novemba 2025, baada ya pendekezo la awali kukataliwa kwa kura mwaka 2021.

JavaScript, lugha inayoendesha kila kivinjari duniani, bado inangoja. Pendekezo liliingia hatua ya 1 mwaka 2017 mbele ya TC39, kamati ya Ecma International inayoilinda lugha hiyo. Agosti 2021 likapanda hatua ya 2. Mpaka mwaka 2025 lilikuwa halijatoka hapo, na jambo haliingii kwenye lugha mpaka lifike hatua ya 4.

Kwa nini limekwama? Kwa sababu ya herufi moja katika sentensi yetu ya samaki.

Herufi m

Tazama tena: akamkaanga. A ni mtendaji, ka ni mfuatano, kaanga ni tendo. Na m? M ni samaki. Hiyo herufi moja inakuambia kitu kilichotoka hatua iliyopita kimeingia wapi katika hatua hii.

Tena haikai mahali pamoja. Sikiliza: alinunua samaki, akamwosha, akamtia chumvi, akaondoka naye, akauza nusu yake. Samaki ni yuleyule, lakini mara yuko ndani ya kitenzi, mara amekuwa "naye", mara "yake". Kila tendo lina nafasi yake ya kumpokea, na lugha inaionyesha nafasi hiyo waziwazi.

Katika programu swali ni hilohilo. Fanksheni ya ondoa inapokea vitu viwili, namba na kile cha kuondolewa. Kitu kinachotoka kwenye bomba kiingie nafasi ya kwanza au ya pili? Lugha mbalimbali zimejibu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya Elixir: siku zote kinaingia nafasi ya kwanza, nawe huandiki chochote. Inapendeza, kwa sababu waandishi wa Elixir wamezoea kupanga fanksheni zao hivyo. Lakini jaribu kanuni hiyo kwenye PHP. Fanksheni ya trim inapokea maandishi nafasi ya kwanza, explode inayapokea nafasi ya pili, str_replace nafasi ya tatu. Ni nyumba iliyojengwa kidogokidogo kwa miaka mingi, na huwezi kuingia leo ukahamisha milango yote. JavaScript iliyozaliwa mwaka 1995 iko katika hali hiyohiyo.

Njia ya pili ni ya F#: upande wa kulia lazima kuwe na fanksheni inayopokea kitu kimoja tu. PHP ilifuata njia hii. Hatua ikiwa na vitu viwili unaifungia ndani ya fanksheni ndogo. Kwa JavaScript ingekuwa hivi:

namba
|> x => ondoa(x, " ")
|> x => ondoa(x, "-")
|> x => badiliMwanzo(x, "0", "254")
|> x => hifadhi(x, "wateja")

Njia ya tatu ilitoka Hack, lugha ya Facebook: unaweka alama maalumu pale kitu kinapoingia. Katika maandishi ya pendekezo la JavaScript wametumia % kwa muda, huku wakibishana alama ya kudumu iwe ipi:

namba
|> ondoa(%, " ")
|> ondoa(%, "-")
|> badiliMwanzo(%, "0", "254")
|> hifadhi(%, "wateja")

Hiyo % ndiyo m ya akamkaanga. Kamati ilichagua njia hii ya tatu mwaka 2021, na wapenzi wa njia ya F# hawakufurahi hata kidogo. Kwao bomba ni la kuunganisha fanksheni, na alama ya ziada ni uchafu kwenye macho.

Kwa nini nasimama na m

Kwanza, inapokea kila kitu. Hatua katika bomba si lazima iwe fanksheni. Inaweza kuwa kujumlisha, % + 1. Inaweza kuwa kusubiri jibu kutoka mtandaoni, await tuma(%), na yeyote anayeunganisha mfumo wa malipo anajua nusu ya kazi ni kusubiri majibu. Njia ya F# ilihitaji kanuni ya pekee kwa ajili ya await. Njia ya alama haihitaji, kama vile "akaondoka naye" haihitaji sarufi mpya.

Pili, haidanganyi. Ukiona osha() baada ya bomba, mtu wa Elixir atasema kitu kimeingia ndani ya mabano. Mtu wa F# atasema hapana, osha() inaitwa kwanza ikiwa tupu, na kile inachorudisha ndicho kinachopokea samaki. Maandishi ni yaleyale, maana ni mbili. Kwa osha(%) hakuna ubishi, na pendekezo linasema hatua isiyo na alama ni kosa ambalo kompyuta italikataa kabla programu haijaanza. Hapo nakubali kwa mikono miwili.

Tatu, R imetupa ushahidi. Mwaka 2021 ilianza na kanuni ya nafasi ya kwanza bila alama yoyote. Mwaka 2022, katika toleo la 4.2.0, wakaongeza alama ya kuonyesha mahali, kistari cha chini. Watu hawakuweza kuishi bila m.

Najua kuna msomaji atakayesema: lakini wewe mwenyewe unaweza kusema "akanunua samaki, akaosha, akakaanga, akala", bila m, na ni Kiswahili safi. Ni kweli kabisa. Pakiwa na samaki mmoja tu jikoni hakuna haja ya kumtaja kila mara. Kwa nini basi tusiruhusu yote mawili, alama iachwe pale hatua ina nafasi moja tu na itakiwe pale zipo nyingi? Pendekezo la namna hiyo liliandikwa kwa ajili ya JavaScript, kisha likawekwa kando.

Naona walifanya sawa. Binadamu hujaza pengo mwenyewe, kwa sababu anajua samaki huoshwa na kukaangwa. Kompyuta haijui samaki, inajua kanuni. Ukiruhusu mitindo miwili unahitaji kanuni ya kuamua huu ni upi, na kila kanuni ni kitu kimoja zaidi cha kukumbuka kwa mwanafunzi ambaye tayari anasoma kila kitu kwa Kiingereza, lugha yake ya pili au ya tatu. Huyo ndiye ninayemfikiria sana. Mtaalamu wa miaka kumi na tano atazoea chochote utakachompa. Kijana anayefungua msimbo kwa mara ya kwanza anahitaji kuona kitu kinapita wapi.

Je, tusifanye chochote?

Kuna kundi la tatu, nami naliheshimu kuliko yote. Wanasema bomba halihitajiki. Kila hatua ipe jina lake, mstari mmoja mmoja, na utasoma kutoka juu kwenda chini bila alama mpya. Wana hoja. Jina zuri ni maelezo. Ukiandika nambaSafi nimekuelewa bila kuuliza.

Shida ni kwamba majina mazuri ni kazi ngumu na watu huchoka. Nimekutana na faili zenye data, data2, dataMpya, dataMpyaKabisa na dataMpyaKabisaSasa. Halafu mtu anaongeza hatua katikati, anasahau kubadilisha jina mstari unaofuata, na programu inaendelea na ile ya zamani bila kulalamika. Jina lisilosema kitu ni mzigo wa bure.

Wengine watakuambia tumia nukta. jQuery ya mwaka 2006 ilifundisha kizazi kizima kuunganisha kazi kwa nukta, moja baada ya nyingine, na inasomeka vizuri. Lakini nukta inafanya kazi pale tu kitu kinapomiliki tendo hilo. Fanksheni uliyoiandika wewe mwenyewe jana haimo ndani ya namba ya simu. Na ukianza kupachika matendo yako ndani ya vitu vya lugha unawachimbia wengine shimo. Mwaka 2018 kamati ilitaka kuongeza tendo la orodha liitwalo flatten, ikagundua kwamba maktaba ya zamani ya MooTools ilikuwa imeshapachika tendo la jina hilohilo, na tovuti zilizokuwa zikiitumia zingeharibika. Hatimaye tendo likaitwa flat.

Gharama

Hapa nairudia Unix. Thompson aliweza kubadilisha alama yake kwa sababu watumiaji walikuwa wachache. JavaScript haina nafasi hiyo. Kila ukurasa uliowahi kuandikwa unatarajiwa kuendelea kufunguka, kwa hiyo alama ikishaingia haitoki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata alama ndogo ina bei yake. JavaScript ilipoongeza ?. mwaka 2020, ya kuuliza kama kitu kipo kabla ya kukigusa, ilibidi waweke kanuni kwamba ikifuatwa na tarakimu haihesabiki kuwa alama hiyo, ili msimbo wa zamani kama a?.5:1 usivunjike. Na kwa Python bei ilimgusa mtu. Mwaka 2018 mabishano juu ya := yalikuwa makali mno, na baada ya kuipitisha Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hiyo, akajiuzulu uongozi wake. Alama mbili tu za kibodi.

Kwa hiyo sishangai kamati inapokwenda polepole, na wala siombi waharakishe. Ninachotaka ni haya. Bomba liwepo. Alama ya kuonyesha mahali iwe lazima katika kila hatua, hata pale nafasi ni moja. Alama yenyewe isiwe % kwa sababu hiyo tayari ina kazi ya kutoa baki la mgawanyo, na tumeshaona yaliyoipata > ya Unix ilipopewa kazi mbili. Na kila hatua iandikwe kwenye mstari wake.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kila nikiona pendekezo jipya la namna hii, nawe unaweza kukitumia hata kama huandiki programu. Lisome kwa sauti kwa Kiswahili. Chukua namba, uiondoe nafasi, uiondoe vistari, uibadili mwanzo, uihifadhi kwa wateja. Umeiona hiyo i? Imo katika kila neno, wala hukuona ni uchafu. Pendekezo likisomeka hivyo bila kurudi nyuma, lina nafasi kwangu. Likikulazimisha kusema "hifadhi kile ulichobadili mwanzo baada ya kukiondoa vistari baada ya kukiondoa nafasi", basi tumebaki na mabano yetu ya zamani, ila yamevaa nguo mpya.

Wenzangu mnaotumia Elixir najua hamjaridhika. Leteni mfano wenu, lakini uwe na fanksheni ambayo hamkuiandika ninyi. Tuusome pamoja kwa sauti tuone.